Uzi Kwenye Kifuniko cha Tangi

Harufu ya petroli mbichi inanikera mpaka leo. Sisemi ile ya kituo cha mafuta, ambayo hupita puani na kwenda zake. Nasema ile iliyopita ndani ya injini bila kuungua yote, ikatoka nyuma pamoja na moshi mweusi, ikashika nguo, ikashika nywele, ikaingia hadi kwenye blanketi. Msimu mmoja wa baridi katika miaka ya tisini, ile baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba ambayo jua hulioni hata ukilitafuta, harufu hiyo ilihamia kwetu Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, na haikuwa na haraka ya kuondoka. Ilifika kila jioni juu ya shati la jirani yetu. Kwa sababu ya shati hilo Baba alikaribia kumharibia mtu maisha, na mimi, mtoto wa shule ya msingi, niliiona kesi yote tangu mwanzo mpaka mwisho.

Jirani huyo alikuwa Okelo. Mimi nilimwita Baba Akinyi, kwa jina la binti yake, kama adabu ilivyotaka, lakini hapa nitamwita Okelo kama alivyoitwa na Baba. Yeye alitoka Siaya, sisi tulitoka Machakos, na ploti moja ya vyumba vya kupanga ikatukutanisha. Chumba chao na chetu vilitenganishwa na ukuta wa udongo ambao haukufika kwenye mabati, kwa hiyo mtu akikohoa kwao, sisi kwetu tulimwambia pole. Mama aliuza mafuta ya taa mlangoni, akiyavuta kutoka kwenye pipa kwa mpira. Mkewe Okelo alikaanga omena, dagaa wa ziwani, hapo kando, na mmoja akitoka mwenzake alimchungia jiko na watoto. Baba alikuwa fundi wa mbao. Karakana yake ilikuwa Gatina, Kawangware, ua mdogo wenye geti la mabati, na humo alitengeneza vitanda, makabati na milango. Alikuwa na pikapu kuukuu ambayo zamani, nasikia, ilikuwa nyeupe. Kuendesha alijua kwa kubahatisha, hivyo Okelo ndiye aliyeshika usukani, akipeleka vitanda Riruta na kabati Kibera, na jioni akiirudisha pikapu uani Gatina kabla hawajatembea pamoja kurudi nyumbani.

Sasa, Baba. Simsemi vibaya, ni baba yangu na nampenda, lakini alikuwa mtu wa kushuku kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Mtu akimsalimu kwa furaha iliyozidi kidogo, Baba alikuja nyumbani akiuliza, "Yule anataka nini kwangu?" Sambusa aliipasua kwanza akachungulia ndani, ndipo akaila. Kanisani tukiambiwa tufumbe macho tuombe, yeye alifumba moja. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa nachungulia. Mama alimtania kwamba siku akifika mbinguni atataka kuonyeshwa kwanza mlango wa nyuma. Baba hakucheka. Alisema Nairobi si mahali pa kuamini mtu, na kwamba aliyesahau hilo alirudi kwao akiwa na shati alilovaa tu.

Kabla kidogo ya baridi hiyo kuanza, pikapu ya fundi mmoja wa vyuma aliyekuwa jirani yake pale Gatina iliibwa mchana kweupe, watu wakiona, kila mmoja akidhani anayeiendesha ametumwa. Baba akakosa amani kabisa. Siku hizohizo Okelo akafiwa kwao, akafunga safari na familia yake kwenda matanga Siaya, na pikapu ikabaki uani imepumzika. Nakumbuka nilimpelekea Baba chakula cha mchana, nikakuta geti limefungwa kwa ndani. Alinifungulia upenyo wa kupitisha mkono tu. Nyuma yake niliona kijana nisiyemjua, fundi wa nyaya za magari, amelala kichwa chini ya usukani na miguu imening'inia nje ya mlango. Baba akachukua chakula, akaniambia, "Nenda nyumbani, na hujaona mtu." Mimi kweli nikawa sijaona mtu. Kwetu kuambiwa hivyo halikuwa jambo geni.

Okelo aliporudi kutoka Siaya, petroli ikaanza kupotea. Mshale wa mafuta kwenye pikapu ile ulikuwa umekufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo Baba alijua hali ya tangi kwa mazoea: petroli ya kiasi hiki inatosha safari za siku hizi hadi hizi. Ghafla ikawa haitoshi. Walijaza Jumatatu, na kabla wiki haijafika katikati Okelo anarudi kwa miguu kutoka barabarani na jerikeni mkononi, akisema gari limezimika. Baba akamsikiliza, akatikisa kichwa, akampa petroli nyingine, na usiku huo huo kwenye meza akamwambia Mama kwa sauti ya chini, kwa sababu ya ule ukuta, "Ametoka kwao na mzigo wa matanga. Sasa anaubeba kwa petroli yangu." Mama akauliza ameona nini. Baba akasema hajaona kitu, na hiyo ndiyo dalili yenyewe, kwamba anaiba bila kuonekana.

Akaanza upelelezi. Alichukua ubao wa mvule, akauranda mpaka ukawa ufito mwembamba unaopindika, akautia alama za penseli. Kila jioni Okelo akishatoka getini, Baba aliuchovya ndani ya tangi, akautazama ulipolowa, akaunusa pia, sijui kwa nini. Halafu akatoa uzi mweusi kutoka kibweta cha Mama cha kushonea, akaukaza juu ya kifuniko cha tangi na kuunata kwa gundi ya mbao pande zote mbili, ili mtu akifungua ukatike. Asubuhi uzi ulikuwa mzima. Jioni uzi mzima. Petroli imekwisha. Mtu mwingine yeyote angejiambia basi, hakuna aliyefungua. Baba alikaa juu ya kigogo chake akaufikiria uzi ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mjanja. Anafungua, anaiba, halafu ananibandikia uzi mwingine." Siku iliyofuata alibadilisha rangi ya uzi. Nao haukukatika.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane akanigeuza mimi askari. Niliambiwa nipande pikapu na Okelo kutwa nzima, eti namsaidia kufungua milango, na jioni nieleze alisimama wapi, aliongea na nani, na kama kuna mtu alikaribia na chupa au mtungi. Mimi nilifurahi, haki ya nani, maana Okelo alikuwa mtu wa hadithi. Tulipeleka kitanda Riruta, tukarudi kuchukua meza. Njiani gari lilikuwa likitetemeka na kukohoa, hata likiwa limeshatembea sana, na kila tulipoondoka mahali, watu walioachwa nyuma walipunga mikono mbele ya nyuso zao na kututukana kwa ajili ya moshi. Okelo alisimama mara moja, akafungua boneti, akatoa plagi, akanionyesha zilivyokuwa nyeusi tititi, akazisugua kwa msasa huku akisema peke yake kwa Kijaluo maneno ambayo nadhani hayakuwa ya kanisani. Jioni nikatoa ripoti kwamba hakuna chupa, hakuna mtungi, hakuna mtu.

"Alikununulia chochote?" Baba akaniuliza.

"Mandazi."

"Ahaa!" Baba akapiga goti kwa kiganja, akamgeukia Mama. "Umesikia? Amemhonga mtoto."

Mama aliangua kicheko mpaka akaegemea pipa. Lakini usiku ule kicheko hicho kilimwishia, kwa sababu Baba alitoa kitu alichokipata nyuma ya kiti cha pikapu: kipande kirefu cha mpira mwembamba, ule ambao watu hutumia kunyonya petroli kwenye matangi. Akakiweka mezani. Mama akakichukua, akakipeleka puani. Mama alikuwa ameuza mafuta ya taa tangu mimi sijaanza kutembea, na pua yake ilijua mafuta kama mkono wa mshonaji unavyojua kitambaa. "Huu ni mpira wangu," akasema. "Nilimpa Mama Akinyi wa kutolea maji kwenye pipa lao la mvua, na mumewe anautumia kutilia gari lako maji. Unanuka mafuta ya taa ya mwaka jana. Petroli haijawahi kupita hapa." Kisha akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "Na jambo lingine. Mtu anayenyonya petroli kwa mdomo, petroli inakaa mdomoni. Anaicheua hata akila. Mimi nimesimama na Okelo hapo mlangoni, mdomo wake unanuka omena na chai. Harufu iko mgongoni, iko kwenye shati na nywele. Hiyo ni ya moshi. Gari lako ni gonjwa, Baba Mwende."

Ungedhani hayo yangemtosha. Okelo mwenyewe alikuwa ameshamwambia mara nyingi kwamba gari lina ugonjwa, kwamba asubuhi linawaka vizuri lakini likipata joto linakaba, kwamba plagi zinajaa masizi. Kila aliposema hivyo, Baba alisikia mwizi akijitengenezea sababu. Sasa akaongeza na Mama kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa, eti mbona anamtetea hivyo. Mama alichukia. Hakumpakulia kwa siku kadhaa. Alimwekea sufuria na mwiko, ajipakulie mwenyewe. Na mimi kitandani, upande wangu wa pazia, nilianza kuogopa, maana kupitia juu ya ukuta nilisikia kwamba na wenzetu wa upande wa pili walikuwa wameanza kuongea kwa kunong'ona.

Ijumaa moja Baba alitangaza uamuzi wake. Jumamosi angemfukuza Okelo, na angesema wazi sababu ni wizi wa petroli, ili wenye magari wengine wajue. Mama akakaa chini. Alielewa, hata mimi nilielewa, hilo lilikuwa na maana gani. Kawangware yote ya watu wenye karakana na pikapu ilikuwa inajuana. Dereva mwenye jina la kunyonya mafuta hakupewa usukani tena na mtu yeyote, si Gatina, si Riruta. Okelo hakuwa na kazi nyingine mikononi. Angerudi Siaya na mke na watoto, na Akinyi, ambaye tulikuwa tukilala naye kitanda kimoja mama zetu wakiwa safarini, ningemwona lini tena? Nililia nikisema mandazi yale nilikuwa na njaa tu. Baba akaniambia nilale.

Hatukuwa tumenong'ona vya kutosha. Asubuhi Okelo alikuwa amesimama mlangoni kwetu kabla Baba hajavaa viatu, mkewe nyuma yake amefunga leso kiunoni kabisa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, nimesikia. Kabla hujaniita mwizi, gari ipimwe. Tutafute fundi ambaye mimi simjui na wewe humjui. Apime tukiona sisi wote. Akisema gari ni nzima, mimi nitakupa funguo na nitaondoka hii ploti mwenyewe." Baba alimtazama akitafuta mtego ulipo. Hakuuona, na hilo likamsumbua zaidi, lakini Mama alikuwa amekwisha kujitanda kanga na kusema twende. Akinyi na ndugu zake wakaachwa kwa jirani mwingine, tukafunga milango yote miwili, tukatoka kwa miguu, watu wazima wanne mbele na mimi nyuma yao, mpaka Gatina.

Fundi tulimwokota Riruta, kando ya barabara. Baba ndiye aliyemchagua, akiwapita mafundi kadhaa kwa sababu mmoja alimtazama Okelo machoni na mwingine hakumtazama kabisa. Aliyepatikana alikuwa bwana mnene mwenye ovaroli isiyofunga tumboni na mdomo usiofunga hata kidogo. Njia nzima alituambia magari aliyoyafufua. Alipofika uani akasema gari lisiguswe, analitaka likiwa bado baridi. Akainua boneti, akafungua kifuniko cha chujio la hewa juu ya injini, akatuita tuchungulie mmoja mmoja. Chini kulikuwa na koo la kabureta, na ndani ya koo hilo kibati cha mviringo kimelala, kimeziba njia yote.

"Hii ndiyo choki," akasema. "Asubuhi lazima ifunge hivi. Injini ikiwa na baridi inataka petroli mob na hewa kidogo, ndio iwake. Ikipata joto, hii inafaa kufunguka yenyewe. Unaona hiki kikombe hapa kando? Ndani iko na springi. Stima ikiingia, springi inapata moto, inavuta, choki inafunguka. Sasa washa, dere."

Okelo akawasha. Moshi mweusi ukajaa ua, na ile harufu, harufu yetu ya nyumbani, ikatupiga wote usoni. Mama akanitazama. Tukangoja. Fundi alikunja mikono akangoja, kwa mara ya kwanza bila kusema kitu. Injini ilipata joto hata tukalihisi tukiwa tumesimama kando, lakini kibati kilikuwa kimeinuka kidogo tu, upenyo wa kupitisha ukucha. Fundi akakisukuma kwa kidole, kikafunguka bila ubishi, na papo hapo sauti ya injini ikatulia na moshi ukapungua. Alipotoa kidole kikarudi kulala, na kukohoa kukaanza upya. "Haijakwama," akasema. "Imenyimwa stima. Hii gari imekuwa ikikunywa asubuhi mpaka jioni kama bado imetoka tu kuamka."

Baba alikuwa bado hajaridhika. "Mmejuana tangu lini na huyu dereva?" akamuuliza.

"Mzee, mimi hata wewe sikujui," fundi akajibu. Alichomoa taa yake ya kupimia, ile yenye ncha ya sindano na waya. Akashika upande mmoja kwenye mwili wa gari, akagusa betri kwa ncha, taa ikawaka, tukaiona wote. Akagusa kichwa cha kile kikombe cha choki. Giza. Akamwambia Baba aje aguse mwenyewe ili asiseme ameibiwa macho. Baba akagusa. Giza. Kisha fundi akatoa waya mrefu, akauvuta kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye choki, akatuambia tusipepese. Taratibu sana, bila mtu kukigusa, kibati kile kikaanza kusimama. Kikasimama chote. Injini ikashuka ikawa inanguruma polepole, na nyuma ya gari moshi ukawa mwepesi, hadi nikaona tena maandishi ya chaki kwenye geti. Mama Akinyi akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata mwenyewe. Okelo alikuwa ameshika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Hapo ndipo ingekuwa imekwisha, na Baba angeweza kusema gari lilikuwa gonjwa, pole, twende tukanywe chai. Lakini fundi yule hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati. Akasema choki nzima haiwezi kukosa stima bila sababu, waya wake ulienda wapi? Akapekua, akapata kichwa cha waya kimekatwa na kuviringishwa tepu nyeusi mpya. Akaupata na mwenzake kando, ukiwa umeunganishwa kwingine. "Iko mtu alikata waya ya choki akaifanyia kazi ingine," akasema, akaufuata kwa vidole, ukapita ukutani nyuma ya injini, ukaingia ndani, ukashuka chini ya usukani.

"Hapo wacha," Baba akasema.

Tukageuka wote kumtazama. Fundi mkono wake ulikuwa umeshafika. Akainua mkeka mbele ya kiti cha dereva, akapapasa chini ya kiti chenyewe, na kukasikika mlio mdogo wa swichi. Injini ikazimika. Akaibonyeza tena, akamwambia Okelo awashe, ikawaka. "Katiauti!" akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyemaliza kitendawili. "Mzee, nani alikuwekea hii kitu? Alikosa waya ya kuleta huku ndani, akaona choki iko na yake tayari, akaikata akaitumia. Mjinga huyo ndiye amekunywa petroli yako yote!" Akaangua kicheko. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

Mimi nilikumbuka ile miguu iliyoning'inia mlangoni. Okelo alizima gari, akashuka, akainama akaitazama swichi ile kwa muda. "Mzee, hii ni ya nini?"

"Ya wezi," Baba akasema. "Jioni nikiizima, hata mtu awe na funguo, gari haliwaki. Asubuhi naiwasha kabla hujafika."

"Iliwekwa lini?"

Baba akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali. "Ukiwa Siaya."

Okelo akatikisa kichwa polepole, akipanga siku kichwani. "Kwa hivyo kabla hata tone la petroli halijapotea, mimi nilikuwa mwizi tayari. Mwenye funguo ni mimi peke yangu. Na kila siku, Mzee, nimekuwa nikikalia hii kitu." Baba akasema si yeye, ni wezi, Nairobi ni mji mbaya. Okelo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua bisibisi kutoka kwa fundi, akamkabidhi Baba kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Nitaendelea kuendesha. Lakini itoe wewe mwenyewe, hapa, tukiona."

Nilimwomba Mungu kimya, macho yote mawili yakiwa yamefumbwa, kwamba Baba aitoe. Nilipofumbua alikuwa bado amesimama, bisibisi mkononi, akitazama kiti, akitazama geti, na nilimwona kabisa akitaka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini gari bado linaweza kuibwa." Okelo akaweka funguo juu ya boneti, akasema asante kwa kazi, Mzee, akamshika mkewe mkono wakatoka. Mama akawafuata mpaka getini akalia pale. Fundi akavuta waya mpya wa choki, na Baba akamsimamia.

Jina la Okelo halikuharibika. Fundi mwenye mdomo alihakikisha hilo. Kabla jua halijatua Gatina nzima ilikuwa inajua habari ya mzee wa vitanda aliyejiibia mwenyewe. Mwenye gari la mkate akamchukua Okelo, na baadaye familia yake ikahamia Kawangware karibu na kazi. Chumba chao kikapangishwa watu wengine ambao walikohoa na hatukuwaambia pole. Pikapu ikawa haikohoi tena, petroli ikatosha, mashati hayakunuka. Lakini Baba aliendelea kuchovya ufito jioni, na uzi aliendelea kuubandika. Madereva wakaja na kuondoka, hakuna aliyekaa mpaka nikamzoea.

Leo nina biashara ya kukodisha viti na mahema, na gari la kuvipeleka. Gari hilo halina choki ya kuhangaikia. Kompyuta yake inajipimia hewa na petroli bila kumwuliza mtu. Moshi wake huuoni. Dereva wangu anaitwa Wafula, kijana mtaratibu. Na nina simu ambayo ndani yake naliona gari popote lilipo, doa la buluu likitembea barabarani, kwa sababu kuna kifaa nilichoweka. Hivi karibuni Baba alikuja kutoka Machakos kupimwa macho, na jioni tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi nikitazama doa langu ambalo lilikuwa limesimama Kawangware muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akauliza ninatazama nini hivyo. Nikamweleza. Alifurahi mno! Akasogea, akataka kuona barabara, akauliza kama linaonyesha na usiku, akasema laiti kitu hicho kingekuwapo enzi zake. Kisha akauliza, "Umekiweka wapi?"

"Chini ya kiti."

"Dereva anajua?"

Nikasema hapana. Baba akaiacha simu, akarudi nyuma kitini. "Ule uzi," akasema, "haukukatika hata siku moja." Tangu siku ile ya uani hatukuwa tumewahi kuutaja uzi ule nyumbani kwetu, hata Mama alipokuwa hai. "Okelo hakuwahi kugusa kifuniko. Nilijua, Mwende. Nilijua kabla hatujamleta fundi. Kila asubuhi niliukuta mzima, na kila asubuhi niliudhika, kana kwamba yeye ndiye amenikosea."

Nikampigia Wafula. Alipokea kwa haraka ya mtu anayengoja kulaumiwa. "Madam, nimesimama tu kidogo, kuna jam hapa, naondoka sasa hivi." Nikamwambia asiondoke. Nikamwambia azime gari, ashuke, ainue mkeka na kupapasa chini ya kiti chake, kuna kitu hapo nilipaswa kumwonyesha siku ya kwanza. Nikasikia mlango ukifunguka, vitu vikisogezwa, kisha mkono ukipapasa bati. Baba alivuta kiti chake akakisogeza karibu na simu, akainamisha kichwa, akangoja pamoja nami kusikia mtu huyo atasema nini.